Kadi Isiyodai Waya wa Pili

Katika duka moja jembamba la mafundi wa kompyuta mjini Mombasa, ambako nilikwenda kwa haja nyingine kabisa, nilimkuta fundi wa makamo akisugua ukingo wa kadi ya picha kwa kifutio cha mtoto wa shule, taratibu na kwa kuelekea upande mmoja tu, kisha akiiinua kadi ile kwenye mwanga wa mlango, akiipuliza chembe za mpira na kuirudia tena, mpaka meno yake yaliyopakwa dhahabu yakarejea kung'aa. Kadi yenyewe ilikuwa kuukuu, imekwisha kutumika na watu wasiojulikana, na thamani yake sokoni ni haba; hata hivyo fundi aliishughulikia kwa adabu ambayo aghalabu mtu huiona kwa wasonara. Jambo hilo lilinikaa moyoni, nami nikaomba kuketi.

Mwenye kadi alikuwa kijana wa chuo, mpenzi wa gemu, na juu ya meza ileile kipakatalishi chake cha michezo kililala kifudifudi, kifuniko cha chini kimefunguliwa. Wazazi wengi wanazijua mashine hizi na wanaijua bei yake. Nilichokuwa sikijui mimi ni namna zinavyokufa. Prosesa na chipu ya picha hulehemewa juu ya ubao mmoja, zikishirikiana mabomba membamba ya shaba na feni mbili ndogo. Vumbi likiziba mapezi, na ile dawa ya kijivu iliyopakwa kati ya chipu na shaba ikakauka, joto hupanda hadi kukaribia nyuzi 100, na prosesa hujipunguzia mwendo ili ijinusuru. Kijana alikuwa ameyaona hayo kwa muda mrefu, picha zikikwamakwama katikati ya mchezo, kabla skrini haijazima moja kwa moja.

"Kilichokufa ni chipu moja, bwana," fundi aliniambia, "lakini jamaa nzima imezikwa nayo. Skrini nzima, kibodi nzima, diski nzima. Ubao ukifa, hao wengine hawana kwao."

Tadbiri aliyomshauri kijana ni kununua kompyuta ya mezani iliyotoka ofisini ng'ambo, katika zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre ambazo makampuni huziondoa baada ya miaka michache ingawa bado zina afya, kisha kuijenga upya kidogo kidogo kwa vipande vya mkono wa pili. Waliyoichagua ilikuwa na prosesa ya Core i5-6500 ya mwaka 2015, yenye viini vinne, katika kasha la kimo kamili, kwa maana kasha jembamba halipokei ila kadi fupi. Waliiongezea RAM na diski ya SSD, na hayo yalikwisha upesi. Tatizo lilikuwa umeme.

Hapa ndipo fundi alipoweka kifutio chini. Mashine za ofisi, alisema, zimepewa pawa saplai ya nguvu ndogo, isiyokuwa na waya wa ziada wa kulisha kadi ya picha. Na kuibadili si kazi nyepesi, kwani watengenezaji hao hutumia plagi za kwao wenyewe zisizooana na zile za kawaida. Kwa hiyo kadi lazima ile kutoka katika tundu lake mwenyewe la ubaoni, na tundu lile kwa kanuni halitoi zaidi ya wati 75. Aliyokuwa akiisugua ni GTX 1050 Ti, iliyotoka Oktoba 2016 ikiwa na kumbukumbu ya gigabaiti 4, na mahitaji yake ni wati hizo hizo 75. "Lakini tazama ubavuni kabla hujalipa," alimwambia kijana. "Wako waliotengeneza kadi hii hii wakaitia tundu la waya. Hiyo iache, mwanangu."

Kisha akanionyesha meno. Yako 82 kila upande, jumla 164, nayo yamekatwa na pengo moja dogo karibu na mwanzo. Mengi yao hupitisha habari, au hurejesha umeme tu. Yapitishayo volti 12 ni matano peke yake, yote katika kile kipande kifupi kabla ya pengo, matatu upande mmoja na mawili upande wa pili. Na katika matano hayo hupita wati 66, kila jino likibeba kiasi cha ampea moja na ushei, ilhali wati zilizosalia huja kwa njia ya volti 3.3. Ukungu wa mafuta ya vidole, ukichanganyika na chumvi ya hewa yetu ya bahari, ukiganda juu ya matano yale, umeme hupata kizuizi, jino hupata moto, na mashine huzima ghafla pasipo kutoa sababu. Naye mwenye mashine huishtaki kadi, akaitupa ikiwa nzima. Nilipoyatazama meno yale kwa karibu, membamba kuliko punje ya mchele, niliielewa stahamala ya fundi.

Kijana hakuridhika mara moja. Alikuwa amesikia juu ya RX 580 ya gigabaiti 8, kadi yenye nguvu zaidi, ambayo imejaa katika soko la mitumba tangu Septemba 2022, sarafu ya Ethereum ilipoacha kuchimbwa kwa kadi za picha na wachimbaji wakauza zao. Fundi hakuikashifu. Alimkumbusha tu kwamba inataka wati 185, na kwamba kwa mashine hii ni sawa na kumkaribisha mgeni wa karamu nyumba yenye sahani moja. "Siku ukipata kasha lingine na pawa saplai ya kawaida, njoo tuitie. RAM na diski utahama nazo. Kile kipakatalishi ungehama na nini?"

Naliipenda hoja hiyo, na bado naipenda, kwa kuwa inamrudishia mnunuzi maskini haki ya kutengeneza kitu chake kipande kwa kipande, kwa kadiri ya mfuko wake. Lakini kipakatalishi kilikuwa na betri, na umeme ukikatika kijana aliendelea na kazi zake za chuo. Sasa atahitaji UPS, nayo humpa wasaa wa kuhifadhi na kuzima tu, si wa kusoma usiku kucha. Tena alikuwa akikichukua darasani. Atachukua nini sasa?

Liko na suala la programu. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haiitambui rasmi prosesa ya kizazi cha i5-6500, jambo ambalo bila shaka limezisukuma nyingi za mashine hizi nje ya maofisi ya Ulaya na Marekani. Je, tunapokea neema au tunapokea taka iliyocheleweshwa? Fundi alisema kwamba kwa masomo atamtilia kijana Linux, na gemu nyingi zitakubali. Ila baadhi ya zile za kuchezwa mtandaoni huikataa kwa sababu ya walinzi wao dhidi ya wadanganyifu, na mojawapo, kwa bahati mbaya, ndiyo aliyoinunulia kipakatalishi.