Mwanga wapenya fuvu, wafichua kazi za ubongo

MTU akiziba tochi kwa kiganja gizani, vidole vyake hung'aa wekundu. Rangi nyingine humezwa na damu na nyama, lakini nyekundu hupenya. Jambo hilo, ambalo watoto wengi wamelichezea, ndilo msingi wa njia ya kuuchunguza ubongo bila kisu wala eksirei.

Mwaka 1977, Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alieleza katika jarida la Science kuwa mwanga ulio nje kidogo ya wekundu unaoonekana kwa macho hupita katika ngozi na fuvu, na ukitoka huwa umebeba habari za oksijeni iliyomo katika damu.

Sehemu ya ubongo inapofanya kazi huongezewa damu yenye oksijeni katika muda wa sekunde chache. Himoglobini iliyobeba oksijeni hunyonya mwanga kwa namna tofauti na ile iliyokwisha kuutua mzigo huo. Kwa hiyo mtu huvishwa kofia yenye taa ndogo na vipokezi. Kompyuta hupima mwanga uliorudi, kisha huchora ramani ya sehemu zilizoamka aliposikia sauti au kutazama picha. Hata hivyo, ni tabaka la juu tu la ubongo linaloonekana. Yaliyo kilindini bado yanahitaji mashine ya MRI.

Lakini nani atamlaza mtoto mchanga macho, bila kutikisika, ndani ya mashine hiyo yenye kelele? Hapo ndipo kofia inaposhinda, kwani hubebeka na fuvu la mtoto ni jembamba. Katika kijiji cha Keneba, Gambia, watafiti wa Uingereza na wenyeji wao waliitumia kwa watoto wachanga, na matokeo ya awali yalichapishwa mwaka 2014. Shabaha ni kutambua athari za lishe duni kabla mtoto hajaanza kusema, wakati msaada ungali na faida.

Lipo doa moja, tena si dogo. Nywele nyeusi nene, pamoja na melanini ya ngozi, hunyonya mwanga uleule unaotafutwa. Kipimo kikiwa hafifu hutupwa, na mwenye kichwa hicho huachwa nje ya hesabu, ilhali ramani huitwa ya binadamu wote. Wapo wahandisi waliobuni vipokezi vyenye nyuzi nyembamba mithili ya brashi, ili zipenye kati ya nywele hadi kwenye ngozi.