Kutoka Babati hadi Kigali: Yampasayo Kuzingatia Dereva Anapohama Upande wa Barabara

Na Mwandishi Wetu, Babati

Mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, upo katika makutano ya barabara kuu ziendazo Arusha, Singida na Dodoma. Barabara ya Dodoma–Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa rasmi Aprili 27, 2018. Kutokana na mtandao huo, mkazi wa Babati mwenye gari dogo anaweza kwenda likizo na familia yake hadi nchi jirani kwa barabara, bila kulazimika kupanda ndege.

Akielekea Nairobi au Kampala, kanuni ya msingi haibadiliki: magari hupita kushoto. Akishika njia ya Katesh, Singida, Nzega, Kahama na Nyakanazi hadi Rusumo, mambo huwa tofauti. Baada ya kuvuka daraja la Mto Kagera na kuingia Rwanda, magari hupita kulia.

Chimbuko la tofauti hiyo ni historia. Tanganyika, Rwanda na Burundi zilikuwa chini ya Ujerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Baada ya vita hiyo, Tanganyika iliwekwa chini ya Uingereza, inayoendesha kushoto, na Rwanda na Burundi zikawekwa chini ya Ubelgiji, inayoendesha kulia. Leo, kati ya nchi 8 wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ni Tanzania, Kenya na Uganda pekee zinazoendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia.

Hatari huja baada ya kuzoea

Wengi hudhani kuwa saa ya kwanza baada ya kuvuka mpaka ndiyo ya hatari zaidi. Uzoefu wa Uswidi unaonesha vinginevyo. Nchi hiyo ilihama kutoka kushoto kwenda kulia Septemba 3, 1967. Mara baada ya mabadiliko hayo ajali zilipungua, kwa kuwa kila dereva alikuwa makini. Watu walipozoea, umakini ulipungua na ajali zikaongezeka tena.

Dereva aliyetoka Rusumo akiwa nyuma ya msururu wa malori hufuata wenzake bila shida. Mazoea ya nyumbani humrudia akiwa peke yake: anapotoka kituo cha mafuta, anapoondoka hotelini alfajiri barabara ikiwa tupu, au anapokwepa ghafla mtembea kwa miguu. Katika nyakati hizo mkono huelekeza usukani kushoto kabla ya akili kuamua. Inashauriwa kila anapowasha gari atamke kwa sauti, “Nashika kulia,” na abiria wa mbele amkumbushe.

Makutano, kipilefti na kulipita gari

Mzunguko wa barabara, ambao Watanzania wengi huuita kipilefti, una jina linalomwamuru dereva kushika kushoto. Kwa nchi zinazoendesha kulia, magari huuzunguka kutoka kulia kwenda kushoto, yaani kinyume na mwendo wa mishale ya saa. Katika makutano, anayekata kona kwenda kushoto ndiye anayekatiza njia ya magari yanayomjia, kama ilivyo kwetu kwa anayekwenda kulia. Mtembea kwa miguu naye aangalie kwanza kushoto kabla ya kuvuka.

Gari lenye usukani upande wa kulia humweka dereva pembezoni mwa barabara, hivyo lori lililo mbele humzuia kuona magari yanayomjia. Aache nafasi kubwa zaidi nyuma ya lori, na asilipite mpaka ajionee mwenyewe kuwa njia ni wazi. Pia asitegemee ishara za taa za pembeni ambazo madereva wa malori hapa nchini huzitumia kumruhusu au kumzuia aliye nyuma. Kule upande wa kulia na wa kushoto umebadilishana nafasi, na ishara hiyo inaweza kueleweka kinyume.

Taa nazo zina athari. Taa za mbele za magari yetu, zikiwa dimu, huelekeza mwanga zaidi kushoto, pembezoni mwa barabara. Katika nchi inayoendesha kulia, upande huo ndio wanakotokea madereva wengine, nao huweza kupofushwa na mwanga. Ni vyema kumwona fundi kabla ya safari na kuepuka kuendesha usiku. Ikumbukwe kuwa saa za Rwanda zipo nyuma ya za Tanzania kwa saa moja.

Nyaraka

Msafiri ahakikishe ana pasipoti, leseni halali ya udereva, kadi ya gari na kibali cha forodha cha kuliingiza gari kwa muda. Iwapo gari si lake, awe na barua ya idhini ya mmiliki. Bima ya ndani pekee haitoshi; Kadi ya Njano ya COMESA, inayopatikana kupitia kampuni za bima, hutumika pia Rwanda. Kituo cha Rusumo, kilichozinduliwa Aprili 6, 2016, hutoa huduma za nchi zote mbili kwa pamoja.

Wageni waliopo Babati

Ugumu huo huwakabili pia wageni kutoka Marekani na nchi nyingi za Ulaya wanaokodi magari kwenda Hifadhi ya Tarangire au kutazama michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa. Wao hujifunza kushika kushoto kwa mara ya kwanza katika barabara zetu. Waendesha bodaboda na wavukao barabara wasichukulie kuwa kila dereva amezoea. Anayekodisha gari amkumbushe mgeni upande wa kupita, na kwamba mwendo katika maeneo ya makazi usizidi kilomita 50 kwa saa.

Kwa mkazi wa Babati anayerejea kutoka Kigali, tahadhari hizo zianze upya akivuka daraja la Rusumo. Siku chache za kushika kulia zinatosha kujenga mazoea mapya, na safari ya kurudi hufanywa mwili ukiwa umechoka. Apumzike vya kutosha njiani, na kila anapowasha gari atamke tena, safari hii, “Nashika kushoto.”