Gari juu ya roli: Jinsi nguvu za injini zinavyopimwa na kurekebishwa

WAPENZI wa magari ya kasi jijini Nairobi wana ada ya kubishana kuhusu nguvu za injini zao. Mmoja hudai Subaru yake ina nguvu farasi 300, mwenzake humjibu kwa 350. Ni nadra kumsikia yeyote akieleza jinsi alivyopata hesabu hiyo.

Chombo kinachoweza kukata kesi hiyo ni dinamomita ya roli. Gari hupandishwa hadi magurudumu yake yakalie mapipa ya chuma yaliyozamishwa sakafuni, likafungwa kwa mikanda, na feni kubwa ikawekwa mbele ili injini isichemke. Fundi hutia gea, aghalabu ya nne, kisha hukanyaga mafuta. Magurudumu huzunguka kwa kasi ya barabara kuu, ilhali gari halisongi hata inchi moja. Gari linaloendeshwa na magurudumu yote manne lazima liwekewe roli mbele na nyuma, la sivyo litaruka au livunje gea zake.

Mtambo huu haupimi nguvu farasi moja kwa moja. Hupima nguvu ya kuzungusha, kisha tarakilishi huizidisha kwa kasi ya mizunguko. Injini yenye nyutoni-mita 300 kwa mizunguko 5,000 kwa dakika hutoa takriban kilowati 157, yaani nguvu farasi 210. Zinazofika kwenye magurudumu huwa chache kuliko zilizotajwa na kiwanda, kwa kuwa giaboksi nayo hula sehemu yake.

Lakini kupima si kurekebisha. Ndani ya tarakilishi ya injini mna jedwali, na kila kisanduku chake huamua kiasi cha petroli na wakati wa cheche kwa kasi fulani na shinikizo fulani la hewa. Roli zenye breki za sumaku humwezesha fundi kuishikilia injini kwenye kisanduku kimoja, tuseme mizunguko 3,000, hadi atosheke nacho.

Petroli huungua barabara ikichanganywa na hewa mara 14.7 ya uzito wake. Injini yenye tabo, inapofanya kazi kwa nguvu zote, hupewa hewa mara 12 hivi, ili petroli ya ziada ipoze joto. Fundi anayeibana petroli kupita kiasi huenda akatoboa pistoni. Cheche nayo ikiwahishwa huongeza nguvu hadi mahali fulani, kisha injini huanza kugonga. Hatari hii huwanyemelea hasa wanaoagiza magari yaliyorekebishwa Japani, ambako petroli ya daraja la juu huwa na okteni karibu 100. Petroli yetu ya Super haifikii kiwango hicho.

Kisha kuna suala la mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa limepungua kwa karibu asilimia 18. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, ndiposa mitambo ina kanuni ya kurudisha kilichopotea kwenye hesabu. Tabo, hata hivyo, hujishindilia hewa yenyewe na haipotezi kiasi hicho. Ikisahihishwa kwa kanuni iyo hiyo, karatasi huonyesha farasi wasiokuwepo. Nashuku baadhi ya wale 350 walizaliwa hapo. Anayekabidhiwa karatasi na aulize kama tarakimu zimesahihishwa, kisha adai mchoro wa mchanganyiko wa hewa na petroli.

Mwinuko huo una jambo jingine lisilozungumzwa sana. Injini isiyo na tabo ikiwa Nairobi haipati shinikizo linalozidi kilopaskali 83 hivi, hata kanyagio likigusa sakafu. Visanduku vya juu ya hapo, hadi 101, havifikiki juu ya roli za Nairobi. Fundi huvijaza kwa kukadiria.

Gari linapoteremka kupitia Mtito Andei na Voi hadi Mombasa, injini huviingia visanduku hivyo kwa mara ya kwanza, ikiwa imebeba abiria. Fundi mwangalifu huviwekea petroli ya ziada na kuichelewesha cheche, kisha humwonya mwenye gari asikanyage mafuta yote akiwa pwani hadi gari lipimwe upya huko huko.