Kucha Zangu na Jua

Baada ya likizo ya muhula wa kwanza nilirudi shuleni na kucha saba zimebanduka, na wenzangu wa bweni wakakataa kula nami sahani moja. Huyu alisema ni ukoma, yule alisema ni fangasi. Kwa kuwa naulizwa kila siku, nataka kueleza jambo lenyewe.

Nilikuwa nimepata homa ya brusela kwa kunywa maziwa mabichi nyumbani. Nikapewa dawa mbili za kumeza kwa wiki 6. Mojawapo ni doksisaiklini, ambayo wengi wenu mmekwisha kuimeza kwa ajili ya kifua au chunusi, na wageni huimeza ili kujikinga na malaria. Hakuna aliyeniambia habari ya jua. Wiki ya tatu nilikuwa nikipalilia karanga tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Vidole vikaanza kuniuma kama vilivyoguswa na moto, kisha ncha za kucha zikawa nyeupe na kuachana na nyama.

Sababu ni hii. Dawa hiyo ikiwa mwilini hunasa mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, na nguvu yake huiunguza nyama iliyo karibu. Ngozi yetu nyeusi ina kinga yake, lakini nyama ya chini ya ukucha ina rangi kidogo sana, na ukucha wenyewe hupitisha mwanga. Tena angalieni: vidole gumba vyangu vilisalimika, maana mshika jembe huvificha, na vya miguu pia, kwa sababu nilivaa mabuti ya mpira. Fangasi haichagui hivyo, bali mara nyingi huanzia miguuni.

Daktari nilipomwonyesha hakunipa mafuta yoyote. (Yale niliyouziwa sokoni yalikuwa hasara tupu.) Aliniagiza nimalize dawa, kwani brusela hurudi mtu akiiacha njiani; nivae glavu shambani; nikate sehemu iliyoachana, wala nisiichokoe kwa kijiti. Ukucha wa mkono huota kama milimita 3 kwa mwezi, basi kazi iliyobaki ni kungoja.

Sasa ni mwezi wa nne. Kidole kimoja tu ndicho chenye alama, nami nimerudishiwa nafasi yangu kwenye sahani.