Sura ya Saba: Leza, Sindano na Nauli ya Kwenda Moshi

Daktari wa macho akisema "tiba bora", mara nyingi ana maana ya ile inayomwezesha mgonjwa kusoma mistari mingi zaidi kwenye ubao wa herufi. Mgonjwa ana vipimo vyake. Anayetoka Oldonyo Sambu, magharibi mwa Mlima Meru, anahesabu gari la kushuka Arusha mjini kupitia Ngaramtoni, kisha basi la kilomita kama 80 hadi Moshi, kisha nauli ya pili ya mtu wa kumsindikiza, maana akitiwa dawa ya kupanua mboni hataona sawasawa kwa saa kadhaa. Hesabu hii haiandikwi kwenye faili, na kwa maoni yangu ndiyo inayoamua nani atabaki na macho yake.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa midogo ya damu ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa ikivuja, kitovu cha retina hujaa maji na nyuso za watu huingia ukungu. Ikiziba, retina hukosa hewa na kuchochea mishipa mipya iote. Nayo hiyo ni dhaifu, hupasuka na kumwaga damu ndani ya jicho, au huvuta retina mpaka ibanduke. Mpango wa Kisukari wa Kilimanjaro, unaoendeshwa na Hospitali ya KCMC ya Moshi, uliwapiga picha za retina watu zaidi ya 3,000 wenye kisukari. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba zaidi ya robo yao macho yalikwisha kuguswa. Hatua za mwanzo haziumi wala hazipunguzi uoni.

Leza ndiyo tiba kongwe. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulithibitisha kwamba hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya kupoteza uoni kwa kiwango kikubwa. Mgonjwa huweka kidevu kwenye mashine, huwekewa lenzi juu ya jicho lililotiwa ganzi, halafu mwanga humchapa mara mamia. Tiba kamili ni michomo 1,200 hadi 1,600, na mara nyingi hugawanywa kwa siku mbili au tatu. Wapo wanaosema inauma hadi kisogoni. Kingo za retina huchomwa ili kitovu kipone, kwa hiyo uoni wa pembeni hupungua, na wa gizani pia. Kwa mwalimu wa shule ya msingi hilo huenda likavumilika. Mlinzi wa usiku, au dereva wa bodaboda anayerudi na abiria saa mbili usiku, ana haki ya kuambiwa kabla.

Sindano ilikuja baadaye. Bevasizumabu, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani ya utumbo, ilianza kutumika ndani ya jicho mwaka 2005, na tangu 2013 imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hofu ya sindano ya jicho ni kubwa kuliko sindano yenyewe: jicho hutiwa ganzi na kusafishwa kwa iodini, kope huzuiwa na kifaa, na tone dogo la dawa huingizwa kupitia sehemu nyeupe. Ni suala la sekunde chache. Tatizo ni kurudi. Kwa maji kwenye kitovu cha retina, mgonjwa katika tafiti kubwa alihitaji sindano tisa au kumi mwaka wa kwanza.

Mwaka 2015 utafiti mwingine wa Marekani ulionyesha kwamba kwa mishipa mipya, sindano haikuwa nyuma ya leza. Wengi waliishia hapo. Lakini mwaka 2019 madaktari wa Philadelphia waliwaangalia wagonjwa waliopotea kliniki zaidi ya miezi sita. Waliokuwa wametibiwa kwa sindano peke yake walirudi na uoni mbaya zaidi, na retina zilizobanduka zilikuwa nyingi kwao kuliko kwa waliopigwa leza. Dawa huisha nguvu. Kovu la leza hubaki.

Watafiti wana njia ya kupima mapendeleo: mgonjwa hupewa jozi za tiba za kubuni, moja yenye safari nyingi na uoni mzuri zaidi, nyingine yenye safari chache, aseme angechukua ipi. Njia ni nzuri, ila ukimuuliza mtu akiwa peke yake unaweza kukosa jibu. Mama ambaye nauli yake hutoka kwa mwanawe, au kwa mbuzi atakayeuzwa na mumewe, hachagui peke yake. Basi aulizwe pamoja nao.

Na aelezwe anachochagua. "Daktari, leza itaniondolea huu ukungu?" "Hapana mama, inazuia usiongezeke." Asiyeambiwa hivyo atadhani ameibiwa, na jirani atakayesimuliwa hataenda kabisa.

Si kila jicho lina uchaguzi. Maji yakishajaa kwenye kitovu na uoni kushuka, sindano huirudisha nuru vizuri kuliko leza, na damu isiyonyonyeka au retina inayovutwa huhitaji upasuaji. Palipo na mishipa mipya tu, na mgonjwa anaishi mbali na hana uhakika wa kurudi mwezi ujao, ningeshauri leza, pamoja na kasoro zake zote.

Mwenye kisukari anayesoma ukurasa huu bila shida ndiye hasa anayetakiwa kupigwa picha ya retina mwaka huu. Na akifika, amwambie daktari anakotoka na anafikaje, hata kama hajaulizwa.