Sakafu ya Kuinuliwa: Fizikia Iliyo Chini ya Chumba cha Kompyuta

Sakafu ya kuinuliwa ni sakafu ya pili inayojengwa juu ya sakafu ya zege, ikisimama juu ya miguu mifupi ya chuma na kuacha uwazi kati ya sakafu hizo mbili. Haimwagwi kama zege wala haibandikwi kama vigae. Huundwa kwa vipande vya mraba vinavyokaliana ukingo kwa ukingo. Kila kipande kinaweza kuinuliwa peke yake, kazi ikafanyika chini yake, kisha kikarudishwa mahali pake.

Huenda usilikute jina hili katika muhtasari wa somo la Fizikia. Hata hivyo, mada hii inakusanya mahali pamoja kani, kanieneo, msuguano, msafara wa joto, umemetuli na mteremko. Maswali ya matumizi, yale yanayoanza kwa maneno "eleza kwa nini", huwashinda watahiniwa wengi wanaojua fomula kwa moyo lakini hawajawahi kuiona ikifanya kazi. Soma mada hii ukiwa na kalamu mkononi.

Wazo la kuinua sakafu si geni kwetu. Kihenge cha nafaka huinuliwa juu ya mawe au magogo ili unyevu na mchwa visifike kwenye mahindi. Kichanja cha vyombo nyuma ya nyumba huacha maji yachuruzike chini na upepo upite. Warumi wa kale nao walijenga mabafu yenye sakafu iliyosimama juu ya vijiguzo vya matofali, wakapitisha hewa ya moto chini yake. Jipya katika sakafu tunayoijadili ni vipande vyake vinavyofunguka.

Chanzo cha mahitaji

Kompyuta ya kwanza ya Serikali ya Tanzania, ICT 1500 kutoka Uingereza, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine za kizazi hicho zilijaza chumba, zilitoa joto jingi na ziliunganishwa kwa nyaya nene. Duniani kote mafundi walijiuliza nyaya hizo zipite wapi bila watu kujikwaa, na ubaridi ufikeje kwenye mashine. Jibu lililoenea likawa kuinua sakafu. (Kwetu safari hiyo ilikatika kidogo: mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na katazo hilo lilidumu kwa miaka kadhaa.)

Wilayani Sengerema kompyuta za matumizi ya umma zilifahamika zaidi kuanzia mwaka 2001, kilipoanzishwa kituo cha mawasiliano cha jamii mjini Sengerema. Hizo zilikuwa kompyuta ndogo za mezani. Tatizo la nyaya lilibaki, na linabaki hadi leo. Nimefundisha katika chumba ambacho waya wa umeme ulivuka katikati ya njia na kufunikwa kwa mkeka. Siku moja mwanafunzi alijikwaa akaangusha kompyuta mbili. Tulimlaumu mwanafunzi. Aliyestahili lawama ni aliyepanga chumba.

Sehemu zake na jinsi zinavyoshikana

Kipande cha kawaida kina upande wa milimita 600. Ndani yake huwa na mbao zilizosagwa na kushindiliwa, au saruji iliyojazwa kwenye ganda la chuma. Kila mguu una kitako kinachobandikwa au kufungwa kwa skrubu kwenye zege, mhimili wenye nati ya kupandisha na kushusha, na kichwa. Nati hiyo ina kazi kubwa: zege likiwa na mabonde, fundi hurekebisha kila mguu mpaka pima maji ioneshe usawa.

Siri ya mshikamano iko kwenye kichwa. Kichwa kimoja cha mguu hupokea pembe nne za vipande vinne tofauti. Vipande havitegemei gundi. Vinakaa kwa uzito wake, vimebanwa pande zote na majirani zao, na jirani wa mwisho amebanwa na ukuta. Kuna aina nyingine, fupi zaidi, ambazo kingo zake zina meno yanayoingiana kama vipande vya fumbo la picha.

Hapa ndipo mtego wa hesabu ulipo. Chukua chumba chenye urefu wa mita 6 na upana wa mita 4.8.

Vipande kwa urefu: 6 ÷ 0.6 = 10
Vipande kwa upana: 4.8 ÷ 0.6 = 8
Jumla ya vipande: 10 × 8 = 80

Je, miguu mingapi inahitajika? Wengi hujibu 80 × 4 = 320, kwa kuwa kila kipande kina pembe nne. Si sahihi, maana pembe nne zinachangia mguu mmoja. Hesabu mistari badala ya vipande: vipande 10 vina mistari 11, na vipande 8 vina mistari 9. Miguu ni 11 × 9 = 99. Tofauti ya miguu 221 ni fedha nyingi kwa shule yoyote.

Mshikamano huu una udhaifu wake. Ukiondoa kipande kimoja, majirani waliokizunguka bado wanashikana. Ukiondoa safu nzima, vipande vilivyobaki vinakosa wa kuviegemea, miguu inaweza kuinama upande, na sakafu ikateleza. Ndiyo maana mafundi hukatazwa kufungua mstari mrefu kwa mara moja, na katika sakafu ndefu miguu huunganishwa kwa vyuma vya kulala. Shimo lililoachwa wazi bila uzio ni hatari nyingine. Mtu anayetembea huku akisoma kioo cha kompyuta hatazami miguu yake.

Mzigo na kanieneo

Kanieneo = kani ÷ eneo. Kabati lililojaa mashine za kuhifadhi data lina tungamo la kilo 800. Tukichukua mvutano wa dunia kuwa 10 N/kg, uzito wake ni 8,000 N. Likisimama juu ya miguu minne, kila mguu unabeba 2,000 N. Eneo la kila mguu likiwa sentimita za mraba 10, yaani mita za mraba 0.001, basi:

Kanieneo = 2,000 ÷ 0.001 = 2,000,000 Pa

Kipimo cha Ulaya cha sakafu hizi, EN 12825, huweka madaraja kufuata kani ambayo kipande kinavunjikia. Mzigo hubonyezwa kupitia kichuma chenye upande wa milimita 25 tu, mahali palipo dhaifu zaidi. Daraja la 2 huvunjikia kuanzia 6,000 N, la 5 kuanzia 10,000 N. Kani hiyo hugawanywa kwa kipeo cha usalama, tuseme 2, ili kupata mzigo unaoruhusiwa. Daraja la 2 linaruhusu 3,000 N na la 5 linaruhusu 5,000 N.

Mwanafunzi mwenye haraka ataandika: mguu mmoja una 2,000 N, daraja la 2 linaruhusu 3,000 N, kwa hiyo linatosha. Lakini miguu miwili ya mbele ya kabati huwa haijaachana hata milimita 600, hivyo inaweza kutua juu ya kipande kimoja. Kipande hicho kitabeba 4,000 N, na daraja la 2 halitoshi. Soma swali hadi mwisho, kisha chora mchoro kabla ya kugawanya.

Mahali dhaifu ni mbali na miguu: katikati ya kipande, au katikati ya ukingo. Kipande hupinda kama ubao uliowekwa juu ya mawe mawili. Upande wa juu unabanwa, upande wa chini unavutwa. Ndiyo sababu ganda la chuma huwekwa chini ya saruji, kwa kuwa saruji hustahimili kubanwa lakini haistahimili kuvutwa. Kanuni hiyo hiyo inalitawala daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025: sakafu yake ya barabara hutaka kupinda kati ya nguzo na nguzo, na chuma kilichomo ndani ya zege ndicho kinachozuia.

Kunyanyua kipande

Kipande cha chuma na saruji kinaweza kuwa na tungamo la kilo 15, na hakina mshikio. Fundi hutumia kinyonyo cha mpira. Anakibandika, anavuta wenzo, hewa ya ndani inapungua, na hewa ya nje inakikandamiza kinyonyo kwenye kipande. Si kinyonyo kinachovuta, ni hewa ya nje inayosukuma. Usiandike vinginevyo kwenye mtihani.

Kinyonyo chenye nusu kipenyo cha mita 0.06 kina eneo la 3.14 × 0.06 × 0.06, sawa na mita za mraba 0.0113. Pwani, kanieneo ya hewa ni takriban 101,000 Pa, hivyo kani ya juu kabisa ni takriban 1,140 N. Ziwa Victoria liko zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa huku ni takriban 88,000 Pa. Kani inashuka hadi karibu 990 N. Kwa hiyo kinyonyo kile kile ni dhaifu kidogo Sengerema kuliko Tanga. Bado kinatosha kwa kipande cha 150 N, mradi uso ni safi. Vumbi huacha njia ndogo za hewa, na kipande chenye matundu au zulia hakishikiki kabisa, hivyo huinuliwa kwa kulabu.

Ubaridi na umemetuli

Katika vyumba vya mashine kubwa, mtambo husukuma hewa baridi kwenye uwazi ulio chini ya sakafu. Hewa hiyo hupanda kupitia vipande vyenye matundu vilivyopangwa mbele ya makabati, hupita ndani ya mashine, na kutoka nyuma ikiwa moto.

Swali la kujihadhari nalo: hewa baridi ni nzito, imepandaje? Haikupanda kwa msafara. Feni imeongeza kanieneo chini ya sakafu ikazidi ile ya chumbani, na hewa hutoka penye kanieneo kubwa kwenda penye ndogo. Msafara unaanza baadaye, hewa inapopata joto, kutanuka na kwenda darini. Ukitoboa sakafu ovyo, au ukirundika nyaya chini yake, kanieneo inapotea na mashine za mwisho zinakosa ubaridi.

Kuhusu umemetuli, miezi ya Juni hadi Agosti hewa huwa kavu. Msuguano kati ya soli ya kiatu na sakafu isiyopitisha umeme hukusanya chaji mwilini. Ukigusa chuma, cheche ndogo huruka. Wewe utashtuka tu, lakini kijisehemu cha ndani ya kompyuta kinaweza kuungua. Vipande vya sakafu hii hufunikwa kwa mpira au plastiki inayoruhusu chaji kupita polepole hadi kwenye miguu ya chuma, na miguu huunganishwa kwa waya wa shaba hadi ardhini.

Je, shule yako iijenge?

Mkuu wa shule anataka chumba cha kompyuta 20 na ameoneshwa picha ya sakafu ya kuinuliwa. Unamshauri nini? Swali la namna hii hupimwa kwa hoja, si kwa kusifia teknolojia.

Kwa maoni yangu, kompyuta 20 hazihitaji sakafu hii. Nyaya zake zinaenea katika mifereji ya plastiki ukutani. Joto lake hutolewa na madirisha mapana. Sakafu ikiinuliwa milimita 300, dari inakuwa chini kwa kiasi hicho hicho, na mwanafunzi wa kiti cha magurudumu anahitaji mteremko. Kwa uwiano wa 1 kwa 12, mteremko huo una urefu wa 0.3 × 12 = mita 3.6, zaidi ya nusu ya chumba tulichokipima. Vipande vyenye mbao ndani ni chakula cha mchwa. Uwazi wa chini unavutia panya wanaotafuna nyaya, na moto ukianzia huko hauonekani mapema bila vitambua moshi.

Jibu linabadilika chumba kikiwa cha makabati ya data, au cha kuongozea mitambo, ambako nyaya hubadilishwa kila mara na mashine hazizimwi. Hapo gharama ya kuvunja zege kila mwaka inazidi gharama ya sakafu.

Maswali ya kujipima

1. Chumba kina urefu wa mita 9 na upana wa mita 6. Tafuta idadi ya vipande vya milimita 600 na idadi ya miguu. (Jibu: vipande 150, miguu 176.)

2. Kabati la kilo 800 linasukumwa kwa magurudumu manne kupita kizingiti, na kwa muda mfupi linabebwa na magurudumu mawili tu, yote yakiwa juu ya kipande kimoja. Je, kipande cha daraja la 5 chenye kipeo cha usalama 2 kinatosha? Onesha njia.

3. Eleza kwa nini kinyonyo hakiwezi kuinua kipande chenye matundu, hata kama uso wake ni safi.

4. Fundi amefungua vipande kumi kwa mstari mmoja ili apitishe waya haraka. Taja hatari mbili alizozisababisha, na ueleze ni mpangilio gani wa kufungua ungempunguzia hatari hizo bila kumchelewesha sana.