Ukungu, Mihogo na Nzi: Uvumbuzi wa Maabara za Kilimo za Serikali

Kilimo ni miongoni mwa shughuli za kwanza ambazo serikali zilikubali kuzifanyia utafiti kwa fedha za walipa kodi, na sababu yake ni ya kiuchumi kuliko ya kisayansi. Mwenye kiwanda cha nguo akigundua njia bora ya kufuma, huifungia ndani ya kuta zake na faida ikawa yake peke yake. Mkulima hana kuta. Mhogo wake mpya unaonekana kutoka barabarani, jirani anaomba pingili mbili tatu, na baada ya misimu michache kijiji kizima kinao. Hakuna mkulima mmoja atakayelipia maabara ambayo faida yake itagawanyika hivyo, na kampuni nayo haitamlipia. Ndiyo maana kituo cha majaribio cha Möckern, karibu na Leipzig, kilianzishwa mwaka 1852 kwa msaada wa dola. Marekani iliunda Idara ya Kilimo mwaka 1862, na mwaka 1887 ikapitisha sheria ya kuyapa majimbo fedha za vituo vya utafiti. Wajerumani walijenga chao Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, mwaka 1902.

Kazi ya mwanzo ya vituo hivyo ilikuwa kuongeza mavuno. Miaka ya 1930 Marekani ikajikuta na tatizo la kinyume: nafaka na pamba zilijaa maghalani, bei zikaanguka, wakulima wakafilisika. Sheria ya mwaka 1938 iliagiza zijengwe maabara nne za kanda, katika Peoria, New Orleans, eneo la Philadelphia na Albany huko California, zikiwa na jukumu la kutafuta matumizi mapya ya mazao ya ziada. Peoria, iliyo katikati ya nchi ya mahindi, ilipewa mahindi.

Hapo ndipo penisilini ilipogeuka kuwa dawa ya watu wote. Alexander Fleming alikuwa ameugundua uwezo wa ukungu unaotoa dawa hiyo London mwaka 1928, na Howard Florey na wenzake wa Oxford walikuwa wamethibitisha kwamba unaponya. Lakini dawa yenyewe ilipatikana kwa matone. Mwezi Februari 1941 polisi mmoja Mwingereza aliyekuwa akifa kwa usaha wa mwilini alichomwa penisilini, akaanza kupata nafuu, kisha dawa ikaisha. Madaktari walifikia hatua ya kuichuja tena kutoka katika mkojo wake ili wamrudishie, na hata hivyo alifariki. Julai mwaka huohuo Florey na msaidizi wake Norman Heatley walivuka Atlantiki kutafuta msaada, wakaelekezwa Peoria.

Maabara ya Peoria ilikuwa na kitu ambacho Oxford haikuwa nacho, nacho ni taka. Viwanda vinavyotengeneza wanga hulowesha mahindi, na maji mazito yanayobaki yalikuwa kero kwa wenye viwanda. Watafiti walikuwa tayari wakiyajaribu kwa kazi mbalimbali za uchachushaji. Mmoja wao, Andrew Moyer, alipouotesha ukungu wa penisilini ndani ya maji hayo, mavuno ya dawa yaliongezeka maradufu mara kadhaa. Wenzake walihamisha ukungu kutoka kwenye sahani za juujuu hadi kwenye matangi makubwa yanayokorogwa na kupulizwa hewa, mbinu iliyohitaji aina ya ukungu inayostahimili kuzama. Ilisakwa dunia nzima, udongo ukiletwa kwa ndege za jeshi, na mwaka 1943 aina iliyofaa kuliko zote ikapatikana kwenye tikiti lililooza sokoni mjini Peoria kwenyewe. Majeshi yaliposhuka Normandy mwezi Juni 1944 zaidi ya dozi milioni 2 zilikuwa tayari. Inafaa kukumbuka kwamba kazi hiyo haikufanyika katika maabara ya tiba, wala maabara yenyewe haikujengwa kwa ajili ya wagonjwa. Ilikuwa tawi la mradi wa kuuza mahindi.

Maabara hizo ziliendelea kutoa vitu ambavyo wengi hawavihusishi na shamba. Allene Jeanes, wa Peoria pia, aliongoza kazi iliyotoa dekstrani, iliyotumika kuongeza ujazo wa damu kwa majeruhi wa vita vya Korea, na baadaye gundi ya zanthani, inayotengenezwa na bakteria na kutiwa leo katika sosi, aiskrimu na dawa ya meno ili isitengane. Ruth Benerito wa New Orleans alikuwa miongoni mwa waliofanya shati la pamba lisikunjamane baada ya kufuliwa, jambo lililoiokoa pamba isimezwe na nailoni na poliesta. Kopo la kupulizia dawa ya wadudu lilibuniwa na watafiti wa Idara ya Kilimo mwanzoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya askari waliokuwa wakiumwa na mbu. Dawa ya kupaka ya kufukuza mbu iitwayo DEET ilitoka katika idara hiyohiyo.

Swali la nani mmiliki wa vitu hivyo lilikuwa gumu tangu mwanzo. Hataza za Marekani za njia ya Moyer zilitolewa mwaka 1948 kwa jina la serikali, na Waingereza walinung'unika kwa miaka mingi kwamba wamelazimika kulipia mbinu za kutengeneza dawa waliyoigundua wenyewe. Ndani ya Marekani tatizo lilikuwa jingine. Serikali ilikusanya hataza kwa maelfu, zikifikia takriban 28,000 kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970, na chini ya asilimia 5 kati ya hizo ndizo zilizokuwa zimepewa kampuni kwa leseni. Uvumbuzi uliowekwa wazi kwa kila mtu haukumvutia mwekezaji yeyote, kwa kuwa angejenga kiwanda leo na mshindani angemwiga kesho. Sheria za mwaka 1980 zilirahisisha utoaji wa leseni, na ile ya mwaka 1986 ikaruhusu maabara za serikali kuingia mikataba ya utafiti na kampuni, huku mvumbuzi akipata angalau asilimia 15 ya mrabaha. Wapinzani husema mwananchi hulipa mara mbili, kwanza kwa kodi, kisha dukani. Hoja hiyo ina uzito kwa dawa na kwa mbegu, ingawa haielezi hataza zile elfu kwa elfu zilivyolala kabatini pasipo kumfaa mtu.

Hata hivyo sehemu kubwa ya uvumbuzi wa kilimo haiwezi kuuzwa kwa leseni hata sheria ikitaka, na hapo ndipo fedha za umma zinapoonyesha thamani yake zaidi. Afrika Mashariki ina mifano mitatu mizito.

Wa kwanza ni mihogo ya Amani. Miaka ya 1930, chini ya Waingereza, mtafiti H. H. Storey alianza kushughulikia ugonjwa wa batobato, unaoyapa majani ya mhogo mabaka ya njano, kuyakunja na kuinyima mizizi chakula. Hakuna mhogo wa kawaida uliokuwa na kinga ya kutosha. Storey na mwenzake R. F. W. Nichols wakageukia mpira wa Ceará, mti wa Brazili ulioletwa na Wajerumani kwa mashamba ya mpira, ambao ni jamaa wa mhogo. Majani yake ndiyo yale yanayopikwa sehemu nyingi kwa jina la kisamvu cha mpira. Mti huo hauna mizizi ya kuliwa, ila batobato haliuwezi. Chotara wa kwanza walirithi kinga pamoja na mizizi myembamba isiyofaa, kwa hiyo ilibidi warudishwe kwa mhogo kizazi baada ya kizazi mpaka chakula kirudi na kinga isipotee. Kazi ilidumu miaka ishirini. Nichols alifariki mwaka 1951, D. L. Jennings akaiendeleza, na ilipofungwa mwaka 1957 ilionekana kama imekwisha bila kishindo.

Lakini mbegu za chotara hao zilikuwa zimepelekwa Nigeria. Taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki ya Ibadan, IITA, ilipoanza kuzalisha mihogo mwaka 1971, ilijengea juu ya mimea iliyotokana na mbegu hizo na kupata aina zilizoenea Afrika Magharibi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 batobato kali lilizuka Uganda, likaangamiza mashamba na kusababisha njaa katika maeneo ya mashariki na kaskazini. Miongoni mwa aina zilizopandwa kuokoa hali ni Nase 3, ambayo ni TMS 30572 ya Ibadan kwa jina la Uganda. Kinga iliyochanganywa Usambara ilikuwa imerudi Afrika Mashariki kwa kupitia upande wa pili wa bara.

Mfano wa pili ni chanjo ya sotoka. Ugonjwa huu uliingia pembe ya Afrika mwaka 1887 na katika miaka michache ukaua sehemu kubwa mno ya ng'ombe wa Afrika Mashariki na Kusini. Wafugaji, Wamaasai wakiwemo, walikufa kwa njaa. Chanjo iliyotengenezwa Kabete kwa kupitisha virusi katika mbuzi ilisaidia, lakini iliwaumiza baadhi ya ng'ombe. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Walter Plowright na R. D. Ferris, katika kituo cha utafiti wa mifugo cha Afrika Mashariki huko Muguga nje ya Nairobi, waliviotesha virusi ndani ya seli za figo za ndama na kuvihamisha kutoka kizazi hadi kizazi cha seli, mara zaidi ya 90, mpaka vikapoteza makali. Sindano moja ilitosha kumkinga mnyama maisha yake yote. Upungufu wake ulikuwa kuhitaji barafu, hadi mtafiti Jeffrey Mariner alipotengeneza namna ya kuikausha ili ivumilie joto kwa wiki kadhaa, na wafugaji wenyewe wakaweza kuibeba hadi malishoni. Mara ya mwisho sotoka ilionekana kwa nyati wa Kenya mwaka 2001. Mwaka 2011 dunia ilitangazwa kuwa haina ugonjwa huo, wa pili kufutwa baada ya ndui.

Mfano wa tatu ulianzia Marekani ukafika Unguja, nao ndio wa ajabu kuliko yote. Kusini mwa Marekani kulikuwa na nzi aliyekuwa akitaga kwenye vidonda vya ng'ombe, hata kwenye kitovu cha ndama aliyezaliwa jana, na mabuu yake hula nyama hai. Edward Knipling na Raymond Bushland, wataalamu wa wadudu katika Idara ya Kilimo, walitambua kwamba jike wa nzi huyo hupandwa mara moja tu maishani. Wakiwalea madume kwa mamilioni, wakawafanya tasa na kuwaachia porini, majike mengi yangetaga mayai yasiyoanguliwa. Bushland aliyajaribu haya mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa mashine ya eksirei ya hospitali ya jeshi huko San Antonio. Mwaka 1954 kisiwa cha Curaçao kilisafishwa kwa miezi michache. Ikafuata Florida, kisha Texas, kisha Mexico, na hatimaye mpaka ukawekwa Panama, ambako nzi tasa waliendelea kumwagwa kutoka angani kila wiki ili wale wa Amerika Kusini wasivuke.

Mbung'o anafaa kwa mbinu hiyo zaidi, kwa sababu huzaa polepole, buu mmoja kwa kila uzazi. Unguja ilikuwa na aina moja tu, iliyoeneza ugonjwa wa nagana kwa ng'ombe, na bahari iliizunguka. Kwanza idadi yao ilipunguzwa kwa kupaka mifugo dawa migongoni na kutundika vitambaa vyenye sumu. Kuanzia mwaka 1994, kwa ushirikiano wa serikali na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, mbung'o waliolelewa Tanga kwa damu iliyonyonywa kupitia utando wa silikoni walipigwa mionzi na kumwagwa kwa ndege juu ya kisiwa, zaidi ya madume milioni 8 kwa jumla. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Bara, ambako hakuna bahari ya kumzuia, ushindi wa namna hiyo umekuwa mgumu zaidi.

Uvumbuzi wa aina hii hauishi siku unapofaulu, kwa maana unadai bajeti kila mwaka kwa kazi ambayo mafanikio yake ni kutoonekana kwa kitu. Mwaka 2023 nzi wa vidonda waliongezeka ghafla Panama, wakapanda Amerika ya Kati, na Novemba 2024 wakathibitishwa kusini mwa Mexico, na Marekani ikasitisha uingizaji wa ng'ombe kutoka huko. Mwaka 2025 Idara ya Kilimo ilitangaza kiwanda kipya cha nzi tasa kusini mwa Texas, kwa takriban dola milioni 750, chenye uwezo wa kutoa nzi milioni 300 kwa wiki. Kilipangwa kujengwa katika uwanja uleule wa zamani wa ndege za jeshi ambako kiwanda cha Texas kilifungwa mwaka 1981.